Maana ya "Midwife"

Vijana wangu, na hasa nyinyi mnaoniamkia kwa Kiswahili halafu mazungumzo yote yaliyobaki mnayamalizia kwa Kiingereza, leo nitawaeleza habari ya neno moja la Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa ukalimani wa zahanati na hospitali, hapa hapa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Yamepita maneno mengi kinywani mwangu, ya Wazanzibari, ya Wakenya, ya Wakongo, lakini hili ndilo lililonifundisha kazi.

Juzi Nasra, mjukuu wa shoga yangu, anayesomea uuguzi, aliniuliza, "Bibi, midwife kwa Kiswahili mnasemaje?"

Nikamwambia, "Mkunga."

Akalitafuta kwenye simu yake, akanigeuzia kioo. Nikaona samaki mrefu kama nyoka, kakenua meno. Nasra ananitazama kama mtu aliyekamata mwongo. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Nikamwambia, mwanangu, hujadanganywa. Sisi watu wa Tanga tunamjua mkunga wa baharini na mkunga wa uzazi, na wote wawili ukiwashika vibaya watakung'ata.

"Na hilo la Kiingereza, nalo lina samaki ndani?" akauliza.

Halina samaki. Lakini kilichomo ndani yake mimi nilikionyeshwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Miss Odessa, na bila kumweleza yeye siwezi kulieleza neno.

Nilikuja nchi hii na mume wangu, aliyekuwa dereva ubalozini. Baadaye alipata kazi ya kuendesha mabasi ya shule, tukahamia Riverdale Park, na mimi nikaona nyumba imekuwa ndogo kwa mtu wa kushinda ndani. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukarani Tanga, Kiingereza nakijua. Nikasikia zahanati moja ya kina mama kule Columbia Heights inatafuta mtu wa Kiswahili. Nikapanda basi la Barabara Namba Moja, nikaunganisha na treni ya Laini ya Kijani, nikajitokeza.

Sababu ya kutafuta mtu nilielezwa baadaye. Siku hizo walikuwa wakitumia mkalimani wa simu: mgonjwa anaongea na spika iliyo mezani, na mtu asiyejulikana yuko wapi anatafsiri. Akaja mama wa Kikongo ana homa, akasema, "Nataka munganga." Huko kwao munganga ni daktari, basi. Yule wa kwenye simu, sijui alikulia wapi, akatafsiri kwamba mama huyu anataka mpiga ramli. Nesi akaandika. Mama akaulizwa kwa upole kabisa kama angependa kuletewa kiongozi wa dini yake. Yule mama akaanza kulia, akidhani hali yake imekuwa mbaya kiasi cha kusomewa.

Miss Odessa ndiye aliyezima simu. Akamwambia msimamizi, "Nitafutieni mtu mwenye uso."

Basi huo uso ukawa wangu.

Miss Odessa alikuwa Mmarekani Mweusi, mrefu, wa makamo wakati huo, mwenye mvi alizozikata fupi kama mwanafunzi wa kiume. Alikuwa midwife mwenye shahada na vyeti vyake, na alikuwa akikaa Manassas, Virginia, mbali. Kila alfajiri alipanda gari moshi la wafanyakazi, akashuka mjini, akaunganisha treni ya chini ya ardhi, na akafika zahanati kabla ya sisi tunaokaa karibu. Kwenye gari moshi alikuwa akifuma kofia ndogo za watoto wachanga. Rangi hakuchagua, alifuma kwa uzi wowote aliopewa. Nimewahi kuona kichanga cha Kiethiopia kimevaa kofia ya zambarau na machungwa, na mama yake kanuna.

Alinifundisha mambo ambayo hakuna kozi iliyonifundisha vizuri zaidi. Kwanza, mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa nikikaa katikati yake na mgonjwa, kama refa. Akaninong'oneza, "Ukikaa hapo atazungumza na wewe, na mimi nitakuwa mgeni. Kaa ubavuni kwake, nyuma kidogo, ili macho yake yanikute mimi na sauti yako imfikie sikioni." Jaribuni, mtaona tofauti. Mgonjwa anasahau kwamba kuna mkalimani, na hapo ndipo ujue umefanya kazi.

Pili, usiseme "anasema anaumwa." Sema "naumwa." Chukua nafsi yake. Kwa jambo hili kuna siku nesi mgeni alifungua mlango nikiwa nasema kwa Kiingereza, kwa sauti nzito, "Nina mimba changa na nimeanza kutapika." Wakati huo mimi nina umri wa kuitwa bibi. Yule binti akanitazama tumboni, akatazama mafaili yake, akafunga mlango taratibu. Miss Odessa hakucheka mpaka mgonjwa alipotoka.

Sasa nifike kwa Faustin na Furaha, kwani ndio walioleta swali.

Walikuwa wametoka Kongo mashariki, wakapitia kambi, wakaletwa hapa. Walikuwa wakikaa jirani na sisi Riverdale Park, kwenye zile fleti za matofali. Faustin alikuwa fundi seremala kwao, na hapa alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha milango. Mtu wa kuuliza maswali. Jioni alikwenda darasa la Kiingereza, na kila neno alilojifunza alilitumia kufungulia lingine. Furaha, mke wake, alikuwa kimya. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba, na kila swali aliloulizwa alimtazama Faustin.

Siku ya miadi yao ya kwanza na Miss Odessa tuliingia chumbani tukakaa. Faustin akasoma kibandiko kilichokuwa kifuani kwa Miss Odessa. Akakisoma tena. Nikamwona anakunja uso.

"Mama Rehema," akaniambia, "uliza huyu mama. Mwalimu alitufundisha midnight, usiku wa katikati. Akatufundisha midweek, katikati ya wiki. Na wife ni muke. Sasa hapa kwake wameandika muke wa katikati. Mimi niko na muke moja tu. Huyu wa katikati njo wa nani?"

Mkalimani hachagui la kutafsiri. Nikalitafsiri lote, na hilo la mke wa katikati nikalifikisha kama lilivyo. Miss Odessa akajishika mdomo. Kisha akavua miwani, na alipomjibu Faustin alimjibu kama mtu aliyeulizwa jambo la maana.

"Mwambie swali lake ni zuri kuliko majibu wanayonipa watu waliozaliwa na lugha hii," akasema. "Wengi wanafikiri hivyo hivyo, kwamba ni mtu wa katikati. Lakini hiyo mid ni ya zamani sana, na maana yake haikuwa katikati. Ilikuwa pamoja na. Na wife, zamani, hakuwa mke wa mtu. Alikuwa mwanamke, mwanamke yeyote. Midwife ni aliye pamoja na mwanamke. Kwa hiyo huyo mwanamke anayetajwa kwenye kibandiko changu si mimi. Ni yeye." Akamwonyesha Furaha kwa kiganja kilichofunguka.

Nikalileta kwa Kiswahili pole pole. Faustin akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama alivyofanya siku aliponionyesha meza aliyoiunga bila msumari. "Sisi kwetu tunasema saje-fame," akasema, "Kifaransa. Mwanamke mwenye akili. Lakini hii ya kwenu ni nzuri pia. Mwenye akili anaweza kwenda nyumbani kulala."

Hapo Furaha akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake.

"Uliza yeye kama ni kweli," akasema. "Uliza kama atakuwa pamoja na mimi mpaka mwisho."

Faustin akainamisha kichwa. Nikatafsiri. Miss Odessa akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akasema, "Muulize nani alimwacha."

Tukaambiwa, kidogo kidogo. Kule kambini Furaha alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Aliyekuwa akimsaidia alikuwa peke yake na kina mama wengi wa kuzalisha, akaitwa kwa mwingine aliyekuwa akitokwa na damu, akaenda. Furaha hakumlaumu. Alisema, "Yule mwengine alipona." Lakini yeye alibaki peke yake, na mtoto alikwama, na mtu aliporudi mtoto alikuwa ameshafariki. Alikuwa wa kike.

Nilipokuwa nasema maneno hayo kwa Kiingereza, kwa nafsi yake, "nilibaki peke yangu," nilisimama katikati ya sentensi. Miss Odessa akanisubiri. Hakunipa pole, alinisubiri tu, na mimi nikamaliza.

Kisha akamwambia Furaha, "Siwezi kukuahidi mtoto. Mtu anayekuahidi hivyo mkimbie. Lakini nakuahidi kuwepo. Ukishikwa na uchungu, iwe ni zamu yangu au si zamu yangu, Rehema atanipigia simu na mimi nitakuja, na nikishaingia sitatoka mpaka uwe umemaliza."

Furaha akauliza, "Na Mama Rehema?"

Sikuwa nimeulizwa jambo kama hilo kazini. Nikasema, kwa lugha zote mbili, "Nami nitakuwepo."

Wiki ile nilikwenda maktaba ya kaunti. Sikuwa namshuku Miss Odessa, lakini mkalimani akiuziwa neno lazima aligonge asikie mlio wake, kama mtungi. Nikamkuta mkutubi mmoja mzee, Mzungu mwembamba mwenye tai ya kipepeo, nikamwuliza habari ya midwife. Nadhani hakuwa ameulizwa neno siku nyingi. Aliniongoza mpaka kwenye kamusi kubwa za historia ya Kiingereza, zile ambazo juzuu moja yahitaji mikono miwili, akavuta viti.

Akanieleza kwamba Miss Odessa kasema kweli, kwa kadiri wajuzi wengi wanavyokubaliana. Mid ile ya zamani ni ndugu wa mit ya Wajerumani, ambayo hadi leo ni "pamoja na." Kwa Waingereza ilikufa, ikabaki ndani ya neno hili moja kama mfupa ndani ya nyama. Wife naye alikuwa mwanamke, ameolewa hajaolewa. Ndiyo maana, akasema, hata mwanamume akifanya kazi hiyo bado ni midwife, na wale wanaotaka kumbadilishia jina wanajisumbua bure.

"Na neno gani lilichukua nafasi ya mid?" nikamwuliza.

Akafurahi kama mtu niliyemletea zawadi. "With," akasema. "Na hili ndilo ninalolipenda. With zamani maana yake ilikuwa dhidi ya. Kupingana na. Limebaki hivyo kwenye withstand, kustahimili kitu kinachokusukuma. Wakati fulani watu walianza kulitumia kwa kuwa pamoja, na lile lililokuwa la pamoja likaondoka."

Nilirudi nyumbani kwa basi nikilifikiria hilo. Mwanzoni niliona ni ajabu neno moja libebe ugomvi na urafiki. Kisha nikaona hata sisi tunalo. Tunasema "nilikula naye" na tunasema "nilipigana naye," na ile "na" ni moja. Ukimkaribia mtu vya kutosha, lugha haikuulizi umekuja kwa heri au kwa shari. Wewe mwenyewe ndiye utakayeonyesha.

Nyinyi mtakaofanya kazi na lugha, msione haya kufanya safari ya namna hii kwa ajili ya neno moja. Simu zenu zitawaonyesha samaki. Nendeni mpaka kwa mtu.

Furaha alishikwa na uchungu asubuhi moja ya masika, mvua inanyesha. Faustin alinipigia, mimi nikampigia Miss Odessa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Sikusikia hata pumzi ya kusitasita. Aliuliza tu, "Chupa imeshapasuka?" Nikasema bado. Akasema, "Basi gari moshi litaniwahisha."

Hospitalini tulipewa chumba chenye dirisha la kutazama maegesho ya magari. Kulikuwa na nesi kijana mwenye mikono mepesi, na daktari wa zamu, mwanamke wa Kihindi, aliyekuja akajitambulisha kwa Furaha kwa kumshika mkono, akamwambia yuko mlango wa pili akihitajika. Furaha alikataa sindano ya ganzi ya mgongoni. Alisema anataka kujua miguu yake iko wapi. Nakumbuka Miss Odessa alipoingia, koti limelowa, mabega ya Furaha yalishuka.

Saa zilizofuata hazikuwa na mengi ya kutafsiri. Hili nalo mlijue: kazi ya mkalimani katika chumba cha uzazi kwa sehemu kubwa ni kunyamaza vizuri. Miss Odessa alimkanda kiuno kwa kiganja, akamnywesha maji kwa mrija, akasimama naye, akayumba naye. Furaha alipoguna, yeye aliguna kwa sauti ya chini zaidi, na baada ya muda Furaha akashusha yake ikafuata. Nilikuwa nikiona watu wawili wasiojua neno hata moja la lugha ya mwenzake wakielewana, na mimi mwenye lugha zote mbili nimekaa pembeni nimeshika taulo. Sikuona wivu. Niliona heshima.

Baada ya adhuhuri kichwa kikatoka. Kikatoka, kisha kikarudi nyuma kidogo, kikajibana, kama kobe anayeogopa. Sikujua maana yake. Nilichoona ni nesi kunyanyua macho kumtazama Miss Odessa, na kubonyeza kengele ya ukutani.

Bega la mtoto lilikuwa limekwama nyuma ya mfupa wa mama.

Sauti ya Miss Odessa haikupanda wala kushuka. "Rehema, mwambie avute magoti mpaka kifuani." Nikamwambia, Faustin akashika mguu mmoja, mimi mwingine. Nesi akabonyeza juu ya kinena. Bega halikutoka. Daktari akaingia mbio, akatazama, na nitamheshimu daima kwa alichofanya: aliona mikono ya Miss Odessa iko mahali panapotakiwa, akasimama ubavuni kwake, akaanza kutaja muda kwa sauti ya utulivu, tayari kuingia. Hawakugombania mtoto.

"Rehema," akasema Miss Odessa, "mwambie ageuke. Magoti na mikono. Sasa."

Nikasema, "Furaha, geuka, kaa kwa magoti na mikono."

Furaha alinitazama. Macho yake yalikuwa mbali, kule kambini pengine. Nikasema tena kwa namna nyingine. Faustin akasema kwa lugha yao ya nyumbani. Maneno yalimfikia yakateleza. Nilikuwa na Kiswahili chote cha Tanga na cha Kongo na cha redioni, na hakuna kilichoingia.

Basi niliacha maneno. Nikashuka sakafuni, na gauni langu la kazi na viatu vyangu, nikapiga magoti, nikaweka viganja chini, nikainua uso kumtazama. Nikatambaa hatua moja kama mtoto. Sikupanga. Mwili ulikwenda wenyewe.

Furaha akaniona. Akasema, "Ah. Ya kutambaa."

Na akageuka. Faustin na nesi wakamshika, Miss Odessa akamfuata bila mkono wake kuachana na mtoto, wakazunguka wote pamoja kama watu wanaogeuza jahazi bovu kwenye kina kifupi. Mimi nilibaki pale chini, usawa wa macho yake, na kwa kuwa sikujua lingine la kufanya nikamwambia, "Nipo. Miss Odessa yupo. Sukuma."

Bega likatoka. Likatoka jingine. Mtoto mzima akateleza mikononi mwa Miss Odessa, wa bluu, amelegea, hana sauti.

Wakamfuta, wakamsugua mgongo, daktari wa watoto, aliyeitikia ile kengele, akamwekea kikombe cha hewa puani. Furaha akauliza, bado amepiga magoti, "Analia?" Sikuwa na cha kutafsiri, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea. Akauliza tena. Nikamwambia ukweli: "Bado. Wako naye."

Kisha akalia. Kwanza kama paka, halafu kama mtu mwenye madai yake. Furaha akaweka paji la uso kwenye godoro na mgongo wake wote ukatetemeka. Faustin aliishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, na sikumwona akiiachia mpaka mtoto alipowekwa kifuani kwa mama yake.

Alikuwa wa kiume, mkubwa. Mkono mmoja ulikuwa umelegea kwa sababu ya kule kukwama, na kwa wiki kadhaa Faustin alikuwa akiunyoosha na kuukunja taratibu kama alivyofundishwa hospitalini, kila anapotoka kiwandani, kabla hata ya kula. Ukapona. Leo mkono huo unarusha mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha pale Riverdale, na mwenye mkono ananisalimia "Hi, Bibi Rehema," nami namjibu "Marahaba" ingawa hajaniamkia. Wazazi wake walimwita Emmanuel. Faustin alinieleza maana yake, Mungu pamoja nasi, na akasema haikuwa kazi ngumu kulichagua jina hilo. Mimi ni Mwislamu, lakini niliitikia amina.

Nirudi nyuma kidogo, mpaka alasiri ile ile, kwani kuna jambo sijawahi kulisimulia.

Mambo yalipotulia, Furaha amelala na mtoto juu yake, nilitoka kutafuta chai. Kwenye kijichumba cha wafanyakazi nikamkuta Miss Odessa amekaa peke yake, kikombe mbele yake, hajakigusa. Nikadhani amechoka. Nikajaza kikombe changu, nikakaa. Kisha nikaona kwamba mikono yake ilikuwa imekaa mapajani kwa sababu haiwezi kukaa kwingine. Ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye viwiko.

Nilimtazama mwanamke yule. Nilikuwa nimeshinda naye kwenye chumba, nimesikia kila neno lake, nimelibeba kutoka kinywani mwake mpaka masikioni mwa Furaha, na hakuna hata moja lililokuwa na mtikisiko. Kama hofu ingekuwemo ningeigusa, kwani ilipaswa kupita kwangu.

"Miss Odessa," nikamwambia, "uliogopa?"

"Tangu kichwa kiliporudi ndani," akasema.

"Sikuisikia."

"Haikuwa ya kwako kubeba. Wala ya kwake." Akatazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine. "Bibi yangu alikuwa mkunga, alidaka watoto kusini mwa Virginia maisha yake yote. Alikuwa akisema, kuogopa ni ruhusa, ila uogope baadaye, mahali penye kiti. Basi, hiki hapa kiti."

Nikamshikia kikombe. Akanywa kwa mikono yangu, taratibu, mara ya kwanza na ya pili, mpaka mitetemo ikapungua. Mvua ilikuwa imekatika, na kule chini kwenye maegesho mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari lisilotaka kuwaka.

Nesi akachungulia mlangoni. Akasema kuna mama ameletwa chumba cha jirani, uchungu umekaza, midwife wa zamu ana mwingine, na yeye nesi anajua Miss Odessa hayuko kazini leo, ila...

Miss Odessa akasimama. Akaenda kwenye sinki, akaosha mikono mpaka viwikoni, akaikausha kidole kwa kidole, akaiinua mbele ya uso wake kuitazama. Ilikuwa imetulia.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nesi akamtajia jina, la Kiethiopia, refu. Miss Odessa akalirudia, likamshinda, akaomba atajiwe tena. Akalisema pole pole mpaka likamkaa vizuri mdomoni. Ndipo akafungua mlango.